Kabla ya Kulipa, Uliza Gari Linadaiwa na Nani

Masoko ya tumbaku yanapofunguliwa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, mkoani Tabora, fedha za wakulima hupitia AMCOS, yaani vyama vyao vya ushirika, na benki, na sehemu yake huishia kwenye vyombo vya moto. Mwenye kidogo anatafuta pikipiki. Aliyevuna vizuri anaulizia IST au Noah, na mfanyabiashara wa mazao anataka Canter ya kubebea mpunga. Wengi wao hawaendi yadi. Wananunua mkononi kwa mtu, kupitia dalali au ndugu wa rafiki, kwa kuwa bei inapungua na chombo unaondoka nacho siku hiyo hiyo.

Wanunuzi hawa si wazembe. Huja na fundi, hufungua boneti, husikiliza injini, hupiga magoti kuangalia kama chasisi imeungwa. Fundi hodari ataijua hali ya gari ndani ya saa moja. Asichoweza kukijua ni deni. Gari zima kabisa, lenye rangi safi na matairi mapya, linaweza kuwa bado ni la benki, au kadi yake ya usajili ikawa imefungiwa kwenye kabati la mkopeshaji, au likawa chini ya mkataba ambao dereva hajaumaliza. Mnunuzi analipa, anaendesha miezi miwili, kisha asubuhi moja wanakuja watu na karatasi.

Kiini cha hatari hii ni kwamba kwetu deni huandikwa kwa jina la mkopaji, na chombo kinatembea bila alama yake. Mnunuzi anakagua chombo wakati deni limekaa kwa mtu. Kila ushauri nitakaoutoa hapa chini unatoka kwenye ukweli huo mmoja.

Deni la mbali, mali ya karibu

Tabora inalijua tatizo hili kwa muda mrefu. Katika karne ya 19, njia iliyotoka Bagamoyo kupita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, kisha Ujiji, iliendeshwa kwa mkopo. Vitambaa, shanga na nyaya za shaba zilitolewa Unguja na matajiri, wengi wao Wahindi, kwa ahadi ya kulipwa kwa pembe za ndovu. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi karibu na Tabora, alikopeshwa na Taria Topan, mmoja wa matajiri wakubwa wa Unguja wa wakati huo. Mwanahistoria Thomas McDow, katika kitabu chake Buying Time cha mwaka 2018, ameeleza jinsi hati za madeni zilivyokuwa nguzo ya biashara hiyo kutoka Omani hadi bara.

Hati ilibaki Unguja. Mkopaji na mali yake walikuwa bara, safari ya miezi kwa miguu. Wapo wafanyabiashara waliokaa Unyanyembe na Manyema miaka mingi kwa sababu kurudi pwani kulimaanisha kukutana na mdai. Vita vya Mirambo, mtawala wa Urambo, vilipozuka mwaka 1871 na njia ya Ujiji kufungwa, waliotikisika walikuwa pia matajiri wa Unguja ambao mali yao ilikuwa imekwama ng'ambo ya vita. Na mtu aliyeuziwa pembe Tabora hakuwa na namna ya kufahamu ni nani pwani aliyekuwa akiihesabu kuwa yake.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na kupunguza miezi kuwa siku. Leo barabara ya lami inatupeleka Nzega na Manyoni kwa saa chache. Lakini umbali kati ya karatasi na mali haujaisha. Mkataba wa mkopo unasainiwa Mwanza au Dar es Salaam, kadi inabaki huko, na gari linauzwa Kaliua. Linaweza kutoka hapo likaenda Mpanda au Kigoma kabla mdai hajajua kuwa limebadilisha mikono.

Deni linavyoingia kwenye chombo

Ziko njia tatu kuu, na mnunuzi anapaswa kuzitofautisha, kwa kuwa kila moja ina matokeo yake mbele ya sheria.

Ya kwanza ni mkopo wa benki au kampuni ya ukodishaji wa kifedha uliotumika kununulia gari lenyewe. Sheria ya Ukodishaji wa Kifedha ya mwaka 2008 na Sheria ya Ununuzi wa Bidhaa kwa Awamu ya mwaka 1966 zinatambua kwamba mtu anaweza kutumia mali kwa miaka huku mwenye mali akiwa mwingine. Kwa magari ya namna hii, jina la mkopeshaji mara nyingi huonekana kwenye kadi kama mwenye hatimiliki, kando ya jina la anayelitumia. Wanunuzi wengi husoma jina moja tu, lile linalofanana na kitambulisho cha muuzaji, kisha hufunga kadi.

Ya pili ni kadi kuwekwa bondi. Mtu alinunua gari lake kwa fedha taslimu, likawa lake kabisa. Baadaye ada ya shule au ugonjwa ukambana, akaipeleka kadi kwa mkopeshaji. Anaweza kuwa mkopeshaji mwenye leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo inawaweka wakopeshaji wasiopokea amana katika daraja la pili. Anaweza pia kuwa mtu wa mtaani asiye na leseni, mwenye riba ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Gari linabaki kwa mwenyewe, kadi inakaa kwa mdai, na mara nyingine mkopaji husainishwa mkataba wa mauziano ulioachwa bila tarehe.

Ya tatu ndiyo iliyoenea zaidi mitaani kwetu, nayo ni mkataba wa pikipiki na bajaji. Tajiri ananunua chombo, anamkabidhi dereva, dereva anapeleka hesabu kila wiki, na akimaliza kiasi walichokubaliana chombo kinakuwa chake. Kadi inabaki kwa tajiri hadi siku ya mwisho. Kijana anayekiendesha anaonekana Isevya na Ng'ambo kila siku kwa mwaka mzima, na kila mtu anasema ile ni pikipiki yake. Kisheria bado si yake.

Iko na njia nyingine inayowapata wanunuzi wa malori. Kampuni inapokopa benki, inaweza kuweka dhamana mali zake zote, magari yakiwemo. Dhamana za kampuni husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kwa hiyo anayenunua Fuso kwa kampuni anayo sehemu ya kuuliza. Anayenunua kwa mtu binafsi hana urahisi huo.

Sheria inamlinda nani

Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa inafuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na msingi wake ni kwamba mtu hawezi kumpa mwingine haki kubwa kuliko aliyonayo. Ukinunua kwa asiye mwenye mali, hupati mali, hata kama ulikuwa na nia njema na ulilipa bei kamili.

Kesi iliyomfungia mlango mnunuzi wa namna hii iliamuliwa London mwaka 1895, kati ya Helby na Matthews. Mtu alichukua piano kwa malipo ya kila mwezi, akiwa na haki ya kuirudisha wakati wowote. Kabla hajamaliza kulipa, akaiweka rehani. Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba mwenye duka alikuwa na haki ya kuichukua piano yake, na mpokea rehani akabaki mikono mitupu. Mtu anayeuza pikipiki ya mkataba leo anarudia kisa kile kile. Waingereza wenyewe waliona ugumu wake, na mwaka 1964 Bunge lao likaweka kinga ya pekee kwa mtu binafsi anayenunua gari la awamu bila kujua. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa tuliyoirithi ilishaandikwa zamani kabla ya kinga hiyo, na mnunuzi wetu asijitegemeze kwenye hukumu za Waingereza wa leo.

Kwa hiyo katika njia ya kwanza na ya tatu, mnunuzi kwa kawaida ndiye anayepoteza chombo. Njia ya pili ina mvutano zaidi. Aliyeweka kadi bondi alikuwa mwenye gari kweli alipoliuza. Mkopeshaji anayetaka dhamana ya mali inayohamishika ambayo mkopaji anaendelea kuitumia anapaswa kufuata Sheria ya Uhamisho wa Mali Zinazohamishika, Sura ya 210, inayodai hati isajiliwe. Mkopeshaji wa mtaani aliyeshika kadi tu bila hati iliyosajiliwa anaweza kukuta madai yake ni dhaifu mbele ya mnunuzi mwenye nia njema. Hata hivyo ushindi huo wa mahakamani ni mchungu. Kadi iko kwake, na bila kadi huwezi kubadilisha umiliki TRA. Utabaki na gari unaloliendesha kwa hofu, usiloweza kuliuza, huku ukilipa wakili.

Sheria inakupa pia haki dhidi ya muuzaji. Katika kila mauzo, muuzaji anahesabiwa kuwa ameahidi kwamba anayo haki ya kuuza na kwamba mali haina mzigo wa deni ambalo mnunuzi hakuambiwa. Akidanganya, unaweza kumdai fedha zako, na udanganyifu wenyewe unaweza kuwa jinai ya kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Tatizo ni kumpata. Aliyeuza gari lenye mkopo alifanya hivyo kwa sababu hana fedha, na aliyepokea milioni kadhaa akiwa na madeni hakai nazo.

Muhuri wa wakili hauthibitishi umiliki

Nataka kuondoa imani moja inayowaumiza wengi. Watu wakiandikishiana kwa wakili, au mbele ya mtendaji wa mtaa na mashahidi wawili, huamini kwamba biashara imekuwa salama. Muhuri ule unathibitisha kwamba fulani na fulani walifika, wakajitambulisha na kusaini. Hauthibitishi kwamba gari ni la muuzaji, wala kwamba halina deni. Wakili hajaenda benki kuuliza, na mtendaji hana daftari la magari. Karatasi hiyo itakusaidia kumshitaki muuzaji, lakini haitamzuia mdai kuchukua gari.

Kadi nayo isiaminiwe kwa kuonekana tu. Ujanja unaojulikana ni wa mtu aliyeacha kadi halisi kwa mkopeshaji, kisha akaenda polisi kutoa taarifa kwamba kadi imepotea, na kwa taarifa hiyo akaomba kadi nyingine. Sasa gari moja lina kadi mbili. Ukionyeshwa kadi mpya ya gari la miaka mingi, uliza ya kwanza iko wapi, na omba maelezo yakuridhishe kabla hujatoa hata ya utangulizi.

Hesabu ya bei ya kutupa

Chukua mfano wa pikipiki ya mkataba. Tajiri na dereva wamekubaliana shilingi 4,200,000, hesabu ya 60,000 kwa wiki, wiki 70. Dereva amelipa wiki 45, yaani 2,700,000. Zimebaki 1,500,000. Anapata shida, anakuja kwako na kukuuzia kwa 1,800,000. Unaona umeokota, kwa kuwa pikipiki ya hali hiyo sokoni ni zaidi ya milioni mbili.

Ukimpa dereva fedha zote, tajiri akija na kadi yake unapoteza pikipiki pamoja na 1,800,000. Ukiamua kumlipa tajiri salio ili ubaki na chombo, gharama yako inafika 3,300,000. Lakini kama mngekaa watu watatu siku ya kwanza, ungempa tajiri 1,500,000, ukampa dereva 300,000, ukapokea kadi mkononi mwa tajiri na kwenda moja kwa moja TRA. Bei ni ile ile. Kilichobadilika ni nani amepokea fedha.

Hilo ndilo jibu la gari lenye mkopo wa benki pia. Gari linalodaiwa si haramu kununuliwa. Muuzaji mkweli anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuuza kabla ya kumaliza deni, na mnunuzi anaweza kupata bei nzuri kwake. Ubaya unaingia pale fedha zinapopita mikononi mwa mkopaji badala ya kwenda kwa mdai.

Hatua za kufuata

Anza na mtu. Muulize muuzaji waziwazi kama gari lina mkopo, na jibu lake liandikwe kwenye mkataba wa mauziano kama tamko lake. Mwombe alete taarifa yake ya mikopo kutoka kwenye taasisi za kuchakata taarifa za wakopaji zilizoidhinishwa na Benki Kuu. Yeye ana haki ya kuiomba ya kwake, wewe huna haki ya kuichungulia bila ridhaa yake. Anayekataa ombi hilo kwa hasira amekwisha kujibu. Kumbuka tu kwamba deni la mkopeshaji wa mtaani na mkataba wa tajiri wa pikipiki havitaonekana humo.

Kisha nenda TRA pamoja na muuzaji, wote mkiwa na TIN na vitambulisho vya NIDA, mthibitishe jina la mmiliki, jina la mwenye hatimiliki, namba ya chasisi na ya injini. Jina la mtu wa tatu likionekana, mtu huyo lazima afike. Tabora yako magari yaliyouzwa mara tatu huku kadi ikiwa bado ya mmiliki wa kwanza, na kila mnunuzi akipewa nakala ya mkataba wa aliyemtangulia. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja kwa kifo au talaka, wa mwisho ndiye anayebeba hasara.

Angalia bima. Stika inaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa simu. Gari la kawaida la mtu binafsi likiwa na bima kubwa, omba kuona hati yake, kwa maana wakopeshaji hudai bima hiyo na huandikwa humo kama wanufaika. Hakiki pia madeni ya faini kwenye mfumo wa kikosi cha usalama barabarani. Mwambie fundi atafute kifaa cha kufuatilia chombo chini ya dashibodi au tangi. Kampuni nyingi za mikopo ya pikipiki hukifunga, na muuzaji asiyeweza kueleza kilifungwa na nani ana la kueleza zaidi.

Likibainika deni, nendeni wote kwa mdai. Omba barua ya salio yenye tarehe, lipa moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, pokea barua ya kumaliza deni pamoja na kadi, ndipo mlipe muuzaji kilichobaki. Badilisha umiliki siku hiyo. Mnunuzi anayesema atabadilisha akishapata nafasi anaendelea kubeba madeni ya muuzaji, kwa kuwa mahakama ikikaza hukumu dhidi ya muuzaji, gari lenye jina lake ndilo litakalokamatwa.

Na ikiwa umeshanunua, na watu wamekuja kulichukua, usilifiche chombo na usipigane. Omba kuona amri ya mahakama na utambulisho wa dalali wa mahakama. Kama hakuna amri, shauri lipelekwe polisi na kwa wakili kabla ya kukabidhi ufunguo. Kama amri ipo na gari ni lako kwa haki, sheria ya mwenendo wa madai inakuruhusu kuweka pingamizi, nayo inataka uwahi.

Kinachotakiwa kufanywa na serikali

Tahadhari za mnunuzi mmoja mmoja hazitoshi. Kenya mwaka 2017 ilitunga Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Zinazohamishika, ikafuta sheria yake ya kale ya uhamisho wa mali hizo, na kuanzisha sajili ambayo mtu yeyote anaweza kuipekua. Uganda ikafuata mwaka 2019 kwa sheria na sajili yake inayosimamiwa na URSB, wakala wa usajili wa nchi hiyo. Mnunuzi wa Kisumu au wa Mbale anaweza kuuliza kama mali anayoitaka imewekwa dhamana. Mkulima wa Sikonge anastahili kuuliza vivyo hivyo kwa namba ya chasisi, kwa simu yake, kwa ada ndogo, na apate jibu kabla ya kulipa.

Faida haitakuwa ya mnunuzi peke yake. Mkopeshaji atakayejua kwamba dhamana yake inaonekana nchi nzima hatakuwa na sababu ya kung'ang'ania kadi wala kutoza riba ya hofu. Mkopeshaji asiyesajili deni lake apoteze haki ya kumfuata mnunuzi mwenye nia njema. Mikataba ya pikipiki iingizwe humo kwa fomu fupi ya Kiswahili, ili kijana aliyelipa wiki 45 naye awe na kumbukumbu ya alichokwisha kulipa, maana leo tajiri akikana, yeye ndiye anayebaki bila ushahidi. TRA inayo sajili ya vyombo, Benki Kuu inayo kumbukumbu ya mikopo. Kazi iliyobaki ni kuziunganisha na kumfungulia mwananchi dirisha.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mpaka daftari hilo lifunguliwe, mnunuzi wa Tabora ashike kanuni tatu bila kuzionea haya mbele ya dalali wala ndugu: asitoe fedha kabla ya kuiona kadi halisi, asimlipe muuzaji kabla ya kumlipa mdai, na asilale na gari ambalo bado limeandikwa jina la mwingine.